Barafu yangu hutoka nyeupe kama maziwa, na jani halionekani

*"Mwalimu, habari yako. Mimi naishi Umoja, hapa Nairobi. Nilianza kupiga picha kwa simu mwaka jana, kisha nikanunua kamera ya mtumba pamoja na lenzi yake ya kawaida ya 18–55. Kuna aina moja ya picha inayoninyima usingizi: bwawa lililoganda, majani yamenaswa ndani ya barafu, mistari, viputo, hujui unatazama nini lakini huwezi kuacha kutazama. Kwetu hakuna bwawa linaloganda, kwa hivyo nimekuwa nikigandisha majani kwenye friza. Barafu inatoka nyeupe kama maziwa, jani linaelea juu kama mkate kwenye chai, na picha inakuwa ya kijivu au ya buluu. Mume wangu analalamika kwamba nyama imekosa pahali. Kaka yangu anasema picha ya friza ni uongo. Rafiki yangu ananiambia nichukue mkopo wa chama ninunue lenzi ya makro. Nimewaza pia kupanda Mlima Kenya Desemba nikatafute barafu ya kweli. Nifanye lipi? Halafu kuna ukungu fulani katikati ya picha zote za kamera, hata nikipangusa lenzi."*

Dada, tuanze na la pesa ili tulimalize. Mkopo wa chama usiuguse. Lenzi ya 18–55, ukiizungusha hadi 55 na kusogea karibu kadiri inavyokubali kulenga, itajaza picha nzima kwa kitu cha upana wa sentimita 7 hivi. Pima sentimita 7 kwenye jani la mparachichi: ni kipande tu, mshipa mkuu na matawi yake machache. Picha unazozitamani mara nyingi ni za eneo la ukubwa wa sinia, kwa hiyo uwezo unao tayari na chenji inabaki. Siku ukitaka viputo vyenyewe vijae picha, tafuta mirija ya kurefusha lenzi. Ni vipande vitupu visivyo na kioo, vinakaa kati ya kamera na lenzi, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana. Lakini hayo ni ya mwakani.

Sasa swali lenyewe. Nimelisoma mara tatu, na chini ya barafu, mkopo na mlima nimeona wasiwasi mmoja: kwamba picha hizi ni mali ya watu wa Norway na Kanada, na mtu wa Umoja anayezitafuta kwenye friza anaigiza tu. Ondoa hilo moyoni. Bwawa la Kanada na trei yako vina maji yaleyale. Tofauti iko kwenye mlango ambao baridi inaingilia, na mlango huo unaweza kuupanga wewe mwenyewe jikoni.

Ni kweli Nairobi haigandi. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na hata Julai, mwezi wa kulala na soksi, usiku wa kawaida hushuka hadi nyuzi 10 au 12 na kuishia hapo. Lily Lake kule Karura haitaota barafu hata uisubiri mpaka uzeeke. Sakitu unaweza kuipata kwa safari ya asubuhi moja, mashambani Kinangop, Januari na Februari baada ya usiku usio na mawingu. Wakulima wa viazi wanaijua na hawaipendi hata kidogo. Lakini sakitu ni unga wa barafu juu ya jani. Wewe unataka jani ndani.

Tazama bwawa linavyofanya. Vitu vingi kadiri vinavyopoa ndivyo vinavyozidi kuwa vizito na kuzama. Maji hufuata kanuni hiyo mpaka nyuzi 4 za Selsiasi, kisha yanageuka: yakipoa kupita hapo yanaanza kuwa mepesi. Kwa hivyo usiku wa baridi kali, maji ya nyuzi 4 hutulia chini, yale yanayokaribia sifuri hubaki juu, na barafu huanzia juu. Baridi inaingia kwa mlango mmoja, wa hewani. Chini na pembeni kuna udongo wenye joto lake. Barafu hukua polepole kuelekea chini, na inapokua husukuma mbele yake kila kisicho maji: hewa iliyoyeyuka, chumvi, vumbi. Fuwele ya barafu haikaribishi wageni. Maji ya chini ni mengi, wageni hao wanapata pa kukimbilia, na nyuma yao inabaki barafu angavu kama kioo. Barafu ikikua haraka kuliko hewa inavyoweza kukimbia, hewa inanaswa njiani, na hapo ndipo inapozaliwa ile minyororo ya viputo inayokunyima usingizi.

Trei yako je? Friza inaizingira kutoka kila upande. Ganda linafunga nje kwanza, hewa na chumvi vinasukumwa kuelekea katikati, na mwishowe vinakosa pa kwenda. Ule weupe wa maziwa ndio huo: viputo vidogo mno visivyohesabika, kila kimoja kikitawanya mwanga. Hakuna uchafu hapo wala hukukosea kitu.

Utaambiwa uchemshe maji mara mbili. Nimechemsha mara mbili, mara tatu, nimechuja kwa kitambaa. Kuchemsha kunafukuza hewa, ila maji yakipoa huanza kuivuta tena, na ukiyamimina kwa kishindo umeirudisha yote. Kunasaidia kidogo tu. Maji yenyewe yana mchango pia: ya bomba yanayotoka Ndakaini ni laini kuliko ya visima virefu vinavyotumika mitaa mingi, ambayo huja na madini yake. Kama ploti yenu inatumia kisima, chukua maji ya kunywa ya dukani. Lakini dawa hasa ni kuufunga kila mlango isipokuwa wa juu.

Nenda kwa wauza samaki, City Market au soko lolote la karibu, uombe boksi dogo jeupe la povu gumu, lile wanalosafirishia samaki. Lioshe mara mbili. Harufu ya sangara haitokei kwenye picha lakini itatokea kwenye ugali. Ndani yake weka bakuli la plastiki laini linaloenea vizuri, jaza maji hadi sentimita 8 au 10, na uliache bila kifuniko. Baridi sasa itaingia kutoka juu, kama bwawani. Friza ya nyumbani huwa karibu na nyuzi −18, na kwangu kazi huchukua saa 18 hadi 24. Toa bakuli kabla maji ya chini hayajaganda. Utapata bamba angavu juu na maji chini yake; maji hayo ndiyo yaliyobeba hewa na chumvi, yamwage. Ukisahau likaganda lote, weupe utakuwa umekusanyika chini, nao una kazi yake kama nitakavyoeleza. Jambo moja la usalama: usitumie kamwe chupa au mtungi wa kioo uliofungwa. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9. Mimi nilipasua mtungi wa mama wa kuwekea asali, vigae vikaingia kwenye omena, na kila Krismasi nakumbushwa.

Stima ikikatika usiku na kurudi alfajiri, usilie. Barafu iliyosimama kukua kisha ikaendelea huweza kubaki na tabaka jembamba la viputo mahali iliposimama, kama mstari wa penseli. Picha yangu moja ninayoipenda kuliko zote ilitokana na giza la mtaa mzima.

Jani linaelea kwa sababu limejaa vyumba vya hewa. Bwawani huwa limelowa kwa siku nyingi kabla ya barafu kulikuta, kwa hiyo yako pia yaloweke kwenye ndoo siku mbili tatu. Mengi yatazama, mengine yatabaki yakining'inia katikati ya maji, na hapo ndipo pazuri. Ukitaka kulipanga mwenyewe, gandisha tabaka la sentimita 2, laza jani, ongeza maji ya kulifunika tu, rudisha kwenye friza, na likishanaswa ujaze yaliyobaki. Maji ya kuongeza yawe ya baridi kutoka kwenye friji. Ukimwaga ya bomba juu ya barafu iliyotoka kwenye nyuzi −18, itapasuka, tena kwa sauti. Nyufa hizo ni nzuri ajabu, lakini zikujie kwa mwaliko.

Usihangaike kutafuta majani mekundu ya Kanada. Jani kuukuu la lokwati hugeuka rangi ya machungwa hadi nyekundu kabla ya kuanguka, na miti hiyo imejaa kwenye nyua za Nairobi. La grevilea lina upande wa chini wa rangi ya fedha. Jakaranda ya Oktoba na Novemba itakupa zambarau isiyopatikana kwenye bwawa lolote la Ulaya. Na kuna jambo moja la bwawani unaloweza kulipata dirishani kwako: jani la rangi nzito likiwa juu ya barafu juani hunyonya joto, huyeyusha barafu iliyo chini yake, na kujichimbia kitanda chenye umbo lake lenyewe. Weka bamba juani saa nne asubuhi, laza jani juu yake, kaa kando na kikombe chako. Utaliona likizama.

Barafu ikitoka friza usikimbilie kamera. Mvuke wa hewani huganda juu yake na kuifunika utando mweupe, nawe utadhani umeharibu. Iache mezani dakika tano hadi kumi mpaka uso ulowe na ung'ae. Kuanzia hapo una kama robo saa kabla kingo za nyufa hazijaanza kulainika, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla: stendi, kitambaa, taulo, mwanga.

Kijivu na buluu ni makosa mawili tofauti. Kijivu kinatoka kwa kamera, kwa sababu haijui inatazama barafu. Imepangwa kudhani kwamba kila mandhari, ikichanganywa yote, hutoa kijivu cha wastani, hivyo ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga mpaka weupe ugeuke majivu. Tafuta kitufe chenye alama ya + na −, upandishe hadi +1, na kama picha bado imepooza, karibu na +2. Kwenye simu, gusa skrini kisha sukuma kile kijua kidogo kwenda juu. Ukiweka barafu juu ya kitambaa cheusi mambo hugeuka: kamera huona giza na kuzidisha mwanga, nawe unapunguza.

Buluu inatoka mbinguni, kihalisi. Dirisha lisilopigwa na jua huangazwa na anga, na anga ni la buluu; macho yako yamelizoea, kamera haikulizoea. Chagua mpangilio wa rangi wenye alama ya nyumba na kivuli chake, picha itapata joto. Au iache buluu kama inakupendeza. Mimi ningepiga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaipangia rangi) na kuamua usiku nikiwa nimetulia.

Kuhusu mwanga nina upendeleo na sitauficha: napenda barafu iangazwe kutoka nyuma. Chukua kioo cha fremu ya picha, kilaze juu ya marundo mawili ya vitabu, chini yake weka karatasi nyeupe na uimulike kwa tochi au uielekeze dirishani. Mishipa ya jani itawaka kama ramani ya mito. Ile barafu nyeupe uliyoikosea heshima ijaribu kinyume chake: kitambaa cheusi chini, taa moja ya pembeni ikiwa chini sana karibu na meza. Viputo na nyufa hushika mwanga huo na vyote vingine vinapotea gizani. Barafu angavu haina cha kuonyesha hapo. Ile ya maziwa ina galaksi nzima. Kwa hivyo usitupe za zamani.

Ukipiga kutoka juu moja kwa moja utaona dari, taa na uso wako kwenye uso wa barafu. Wengi hukimbilia kichujio cha polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao. Ni kizuri, lakini kinafanya kazi vizuri zaidi ukitazama kwa mshazari, kama nyuzi 53 kutoka wima. Ukiwa wima kabisa hakiondoi karibu chochote. Na ukienda mshazari, bamba haliko tena sambamba na kamera, na sehemu ya jani inapoteza ukali. Lazima uchague. Chaguo langu ni mwavuli mweusi wa kawaida, ulioshikwa juu ya kamera na mtu mwenye subira. Kinachoakisiwa kinakuwa cheusi, na cheusi hakionekani.

Ukali wenyewe una hesabu yake. Kwa umbali huo wa karibu, ukiweka tundu la lenzi kwenye f/11 (namba ikikua, tundu linapungua), unene wa kitu utakaokuwa mkali ni milimita 5 hivi. Zidisha hadi f/22 na picha yote inaanza kulainika kwa namna nyingine, kwa sababu mwanga hupindika ukipenya tundu dogo. Kwa hiyo kaa kati ya f/8 na f/11, weka kamera kwenye stendi, tumia kipima muda cha sekunde mbili, na uamue mapema unalenga nini: ufa wa juu, au jani la chini. Vyote viwili havitakubali. Picha nyingi za barafu zinazochosha zimelenga katikati ya vyote viwili.

Sasa nikupe kitu ambacho wenye mabwawa wengi hawakijui. Gandisha maji ya unene wa milimita moja au mbili tu kwenye kifuniko cha plastiki, kikunje kidogo uitoe. Fungua laptopu yenye skrini ya LCD, ujaze ukurasa mweupe. Chukua miwani ya jua ya polaraiza, iweke mbele ya lenzi ya simu, izungushe mpaka skrini igeuke nyeusi. Halafu ingiza kibamba cha barafu katikati ya skrini na miwani, kikiwa mbali na kibodi, tafadhali, na mtu akishika taulo chini. Barafu isiyo na rangi itageuka waridi, kijani, dhahabu, kila fuwele na rangi yake, mipaka yao ikiwa imenyooka kama vioo vya kanisa. Hakuna rangi iliyotiwa. Mwanga wa skrini ya LCD hutoka ukiwa umetetemeka upande mmoja. Fuwele ya barafu huugawa kuwa miwili inayosafiri kwa kasi tofauti. Ikikutana tena kwenye miwani, rangi fulani zinauana na nyingine zinaongezeka, kulingana na unene na mwelekeo wa kila fuwele. Ukiingiza na unyoya wa jani la jakaranda humo, tuma picha nione.

Tuje kwa kaka yako. Mwambie kuhusu Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, ambaye tarehe 15 Januari 1885 alipiga picha yake ya kwanza ya chembe moja ya theluji kwa kuunganisha kamera na hadubini. Kabla ya kufa 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Alizinasa kwenye ubao mweusi, akazihamisha kwa mkono, na kwenye negativu alikwangua kuzunguka kila chembe ili nyuma iwe nyeusi kabisa. Watu waliwahi kumlalamikia kukwangua huko. Chembe zenyewe zilikuwa za kweli. Uongo, kwa maoni yangu, uko kwenye maelezo yanayoandikwa chini ya picha. Ukiandika "Bwawa, majira ya baridi", umedanganya. Ukiandika "Jani la lokwati, barafu ya friza, Umoja", hakuna wa kukusuta, na mimi ningeisogelea zaidi picha hiyo kuliko ile ya bwawa. Ila ukituma kwenye mashindano ya picha za maumbile, soma masharti kwanza: mengi hukataa vitu vilivyopangwa, au hutaka useme.

Picha za aina hii unayoitamani huitwa dhahania, na neno hilo linawachanganya wengi. Wanadhani ni picha ya ukungu, au iliyotiwa vichujio vya simu mpaka haieleweki. Alfred Stieglitz, mpiga picha wa Marekani, alipoanza kupiga mawingu mwaka 1922, yalikuwa makali na ni mawingu kweli. Alichokuja kuondoa baadaye ni upeo wa macho, miti, chochote cha kukuambia juu ni wapi. Jaribu hivyo: ondoa ukingo wa bakuli, ondoa kikonyo cha jani, ondoa kinachompa mtu jibu haraka. Kisha igeuze picha juu chini na uitazame ikiwa ndogo kama stempu. Kama bado kuna mstari unaovuta jicho, unayo. Marafiki wakiuliza "hii ni nini?" usiharakishe kujibu.

Mlima Kenya nenda, lakini usiende kutafuta bwawa. Joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000 unazopanda, na kwenye Bonde la Teleki, karibu mita 4,200, usiku mara nyingi hushuka chini ya sifuri, mwaka mzima. Wataalamu wa mimea husema kule ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Huko kuna Lobelia keniensis, mmea ambao majani yake yamejipanga duara kama bakuli, na bakuli hilo hushika maji. Usiku uso wa maji hayo huganda, na barafu hiyo huwa blanketi: maji ya chini hayagandi na chipukizi la katikati linapona. Umeelewa ninachokuambia? Ni bwawa lililoganda lenye majani ndani yake, la ukubwa wa bakuli la supu, na limekuwa likijiganda karibu kila usiku, kilomita 200 hivi kutoka Umoja. Amka kabla jua halijaingia bondeni, kwa sababu likishagusa, muda wako ni mfupi. Usichokonoe barafu kwa kidole. Kuna viumbe wadogo wanaoishi katika maji hayo, na hiyo ni hifadhi ya taifa. Weka betri za akiba mfuko wa ndani karibu na ngozi, baridi hupunguza nguvu zake. Ukirudi kwenye kibanda chenye joto, iache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo itatoka jasho ndani.

Desemba mwishoni yawezekana, Januari na Februari ni salama zaidi kwa anga safi. Nenda na kiongozi wa mlima, na usiupande kwa pupa ya wikendi. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, mapafu, selimundu, au ukiwa mjamzito, zungumza na daktari kabla ya kulipa chochote. Huko juu, kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, usipande zaidi. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba, au kuhema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama hujapiga picha moja.

Kuhusu ukungu wa katikati, hilo siwezi kulitibu kwa maandishi. Ivue lenzi, ielekeze kwenye dirisha, umulike tochi kutoka nyuma na utazame ndani kwa pembe. Ukiona nyuzi nyeupe kama za buibui, ni kuvu, na hutokea kwa lenzi za mtumba zilizolala mahali penye unyevu. Ukiona utando laini usio na nyuzi, huenda ni mafuta au mvuke. Kwa vyovyote usifungue skrubu hata moja. Ipeleke kwa fundi wa kamera mjini, mwambie akufungulie ukiwa umesimama hapo, na uulize bei ya kusafisha kabla. Ikikaribia bei ya lenzi nyingine kama hiyo ya mtumba, nunua nyingine, ukiimulika tochi kabla ya kutoa pesa. Mpaka hapo piga kwa simu. Majaribio yote niliyoyataja, hata ya laptopu, simu inayaweza.

Na mume wako ana haki. Boksi la upana wa sentimita 20 kwa 15 linakaa rafu ya juu, na nyama inabaki na rafu mbili. Mpe yeye kazi ya kushika mwavuli.